Kisiki, Msitu wa Rau

Nimezoea kuanza na mbega.
Nawaonyesha wageni juu mikuyuni: wale pale,
weusi, taulo jeupe mabegani,
kama waliotoroka kwa kinyozi kabla ya kulipa.
Wageni hucheka. Nami hucheka, kama mara ya kwanza.

Bi Ndeonasia hakucheka.
Alishuka kwenye baiskeli, akajifunga upya kitenge.
"Mbega nimewaona. Twende."

Nikampeleka chemchemini,
maji yanapotoka chini ya mizizi bila kelele,
baridi ya Mlima ingali ndani yake.
Aliinama, akanawa uso.
"Haya. Na kingine?"

Nikamfikisha kwa mvule mkubwa,
ule ambao wanaume wanane wakishikana mikono
hawaumalizi. Nikaanza hadithi zangu,
wakoloni, ramani, mawe ya mpaka.
Akanikatiza:
"Huu ndio uliosalia.
Mimi nataka ule uliokatwa."

Ndipo aliponieleza, mkono kwenye tandiko la baiskeli:
baba yake, Eliamani, alikuwa mtu wa chini
kwenye msumeno wa watu wawili,
mtu wa shimoni, akila unga wa mbao kutwa.
Jioni, Kiboriloni, kikohozi kilifika nyumbani kabla yake.
Mwezi mmoja walimlipa kwa mbao.
Mbao zikawa mlango.
Umepitisha maharusi watatu na majeneza mawili,
mchwa wameujaribu wakakata tamaa,
"na sijui hata ulikozaliwa."

Wenyewe hatukuupata. Nani angeujua?
Tulipata kisiki kimoja, upande wa kusini,
pale msitu unapokatika ghafla
na mpunga kuanza, kijani hadi macho yanauma.
Kimeoza katikati. Uyoga. Siafu.
Mche wa mringaringa umeota ndani bila kuomba kibali.

Alikitazama,
kisha akakigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole.
"Hodi," akasema, polepole,
kama asiyetaka kuamsha watoto.

Nikangoja. Sijui nilingoja nini.
Hondohondo alipita juu, mbawa zikikoroma.

Njiani kurudi alinunua kilo tatu za mchele mpya,
akabishania bei mpaka muuzaji akatupa mikono.

Kesho yake nilikuwa na wanafunzi arobaini.
Nilianza na mbega.
Halafu, sijui kwa nini, nikaupita mvule,
nikawapeleka kisikini,
nikasahau nilichotaka kusema.