Beseni

Watoto walisema tumerukwa na akili.
Mghoi alilia kwenye simu. Mwandawiro akanyamaza
kile kimya chake cha kuhesabu nauli.
Wenzenu wanalea wajukuu Wundanyi,
na nyinyi, miaka sitini na minane, sitini na sita,
mnakwenda Grimsby kufanya nini?

Askofu alisema: kuhudumu.
Hakusema kwamba kanisa lina watu tisa
na mmoja wao huja kuota moto tu.

Miezi mitatu ya kwanza sikuipenda.
Niseme kweli, hii si ripoti ya dayosisi.
Jua liliripoti kazini saa mbili asubuhi,
saa kumi limeshafunga duka.
Mwadime alisoma somo kwa sauti ya mwalimu mkuu
na mwangwi ndio ulioitikia amina.
Usiku tulilala na soksi, migongo ikigusana,
kila mmoja akijifanya amesinzia.

Kisha tukaenda kununua makoti
katika duka la nguo kuukuu, kwa hisani ya wagonjwa wa moyo.
Mwadime akashika mkono wa koti la kijivu, akaunusa.
"Mama Mghoi," akasema, "harufu ya soko la Voi!"
Maisha yote tumevaa nguo za huku,
na sasa tumefika kwenye chemchemi yenyewe ya mitumba,
tunachagua kabla robota halijafungwa.
Tukacheka hadi muuzaji akachungulia pazia.
Kicheko cha kwanza. Nikakiwekea alama kwenye kalenda.

Mimi ni muuguzi. Sijui kuhubiri.
Nilichokiona kanisani ni viatu:
wazee waliovaa viatu vikubwa kuliko miguu yao
kwa sababu hawawezi tena kuinama wakate kucha.
Basi nikaomba beseni, taulo, na Alhamisi.

Wa kwanza alikuwa Cyril Blow,
miaka thelathini katika kiwanda cha barafu.
Kucha zake zilikuwa zimejikunja kama pembe za beberu.
Aliingiza mguu majini, akasema, "Mikono yako ina moto,"
akalala papo hapo, mdomo wazi.
Nami nikabaki nimeushika ule mguu,
naogopa kuuweka chini nisimwamshe,
dakika ishirini, magoti yananiuma,
hadi Mwadime alipoingia na funguo za ukumbi,
akaniona, akaziba mdomo kwa kofia
na mabega yake yakacheza kwa kicheko.
Nami nikacheka bila sauti. Maji yakatikisika.

Nyanya yangu alikuwa na kovu kwenye kisigino.
Alisema lilioshwa na mwanamke wa kutoka huku,
mzungu mmoja mwembamba asiyejua Kitaita
ila neno moja, "pole", tena si Kitaita.
Sijui jina lake. Sijui hata kama alikuwa mwema siku nyingine.
Lakini kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Jumapili iliyopita, katikati ya matangazo,
mzee wangu alinipenyezea karatasi ya ratiba.
Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi:

*Mke wangu tumefika, uzeeni ugenini,*
*Goti linalalamika, ninapopanda ngazini,*
*Lakini ukinicheka, jua huchomoza ndani,*
*Na chai ukiiweka, nimekwisha fika kwetu.*

Nikavua glavu, nikahesabu mizani kwa vidole.
Kumi na sita, kila mshororo.
Nikamnong'oneza: kina cha mwisho kimetoroka.
Akanijibu, kasisi akitukazia macho,
"Kiache. Nacho ni kigeni, kitazoea."

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa
hakuwahi kuniandikia hata orodha ya soko.

Leo ni Jumatano. Mvua inapiga dirisha kwa ubavu.
Yeye anapiga pasi taulo, anaziunguza kidogo kingoni.
Kesho nina watu wanne na miguu saba:
Bi. Winifred ana mmoja tu,
na huo, tangu nianze kuja, anaupaka rangi nyekundu.