Mguu wa Kwanza

Hapa Kutaisi mwaka hauingii wenyewe.
Huingizwa. Mtu wa nje ndiye avukaye kizingiti,
mguu wa kulia ukitangulia, peremende mfukoni,
na kutamka: mguu ni wangu, unyayo ni wa malaika.
Hapo ndipo mwaka, uliokuwa umesimama ngazini
kama mkwe mwenye haya,
hupata ujasiri wa kumfuata.

Kwetu, miaka kumi na tisa, aliuingiza Otari,
fundi viatu wa ghorofa ya chini,
mguu wake mmoja mfupi kuliko mwenzake.
Majirani walituteta: watu gani hawa
wanaomkabidhi mchechemeaji mwaka mzima?
Mama akajibu, anayechechemea hakimbii,
nami sina haja ya mwaka unaokimbia.

Otari alizikwa Machi, theluji ikiwa bado haijaisha.

Sasa ni mkesha. Mama anavunja jozi za kupikia na asali,
anazipanga mezani mbili mbili
kama viatu vinavyongoja wenyewe.
Tunapitia majina.
Badri wa duka la mkate?
Aliingia kwa akina Dodo, bomba likapasuka Februari,
na binti akaolewa na mlevi. Mguu wa kisirani.
Dodo mwenyewe? Mama ananitazama tu.
Kaka yangu Zaza yuko Gdansk, anapanga vigae vya watu;
sauti yake huingia nusu kwenye simu, kisha mtandao unakatika.
Na mimi? Wa ndani hahesabiwi.
Ningekuwa nimewahi kuondoka, ningeweza kurudi.

Saa sita usiku fataki zinapasuka juu ya mto Rioni,
mbwa wa mtaa mzima wanaingia chini ya magari.
Mama anazungusha ufunguo mara mbili.
Asiingie mtu, anasema.
Bora mwaka ulale nje kuliko kuletwa na yeyote.

Kukicha bado tumo ndani ya mwaka wa jana.
Chai ya jana, mkate wa jana.
Kwenye kona, lile tawi lililochongwa mpaka likaota ndevu nyeupe
linatutazama kama abiria aliyesahauliwa kituoni.
Siku njema huonekana asubuhi, husemwa;
hii haionekani kabisa, ukungu umefika kwenye kioo.

Saa nne na kitu, mlango unagongwa.
Unagongwa chini, karibu na sakafu.
Ni Tekle, mjukuu wa Otari, miaka sita,
mikono imejaa, anabisha kwa ncha ya kiatu.
Bibi anasafisha kibanda, anasema. Hizi ni zenu.

Buti za mama. Zile za kahawia
alizozipeleka Februari,
na baada ya mazishi akaona aibu kuziulizia.
Kisigino kipya. Uzi mpya, mshono wa karibu karibu.
Ndani ya buti moja karatasi, na mwandiko tunaoujua:
lari nane.

Ingia, namwambia mtoto. Mguu wa kulia.
Anautazama mmoja, anautazama wa pili,
hajui upi ni upi,
na mbele yake hakuna aliye tayari kumwonyesha.
Mama amezipokea buti.
Ameinama, anaziweka sakafuni, upande wetu wa kizingiti,
ya kulia kwanza.

Kisha anahesabu lari nane kiganjani mwa mtoto,
sarafu kwa sarafu, kama mtu anayechelea kumaliza,
na juu yake vipande vitatu vya jozi na asali.
Tekle anashuka akiruka ngazi mbili mbili,
ya mwisho akairuka kwa tatu. Tunamsikia.

Basi nani ameingia? nauliza.

Mama anafunga kamba.
Anatembea kutoka jikoni hadi dirishani, anarudi.
Kisigino cha kushoto kimezidi, labda milimita mbili;
anachechemea, si sana.
Anakwenda tena.
Baridi inapanda toka ngazini,
ndipo nakumbuka kwamba mlango hatujaufunga.