Hesabu ya Nyundo

Aliingia ukumbini Jumamosi ya mwisho ya Aprili,
boksi la viatu kwapani, kofia ya sufu mkononi,
akakaa mbele yangu. Kiti kikalalamika.
"Lorne Dziedzic," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini,
kama anayetaja marehemu:
"Nyundo wa Barton."

Sikumjua. Mimi hujaza fomu za kodi,
bila malipo, hapa Hamilton, kwa wenye kipato haba.
Ila Bi Concetta wa meza ya chai
alisahau birika motoni.
"Huyo ana mamilioni," akaninong'oneza. "Mji mzima unajua."

Nikafungua boksi.
Bahasha za rangi ya majani makavu,
kila moja imeandikwa mji mgongoni:
Sudbury, dola thelathini na tano.
Timmins, arobaini, toa petroli.
North Bay, sifuri; promota alitokea mlango wa jikoni.
Kapuskasing, kumi na mbili na mkate wa yai.
Miaka ishirini na miwili ya mieleka,
na risiti ya kila jino.

"Ulikuwa ukishinda?"
Akacheka hadi kalamu zangu zikabingirika.
"Binti, mimi nililipwa kuanguka.
Kushinda ni kazi ya wenye sura.
Refa akifika tatu, nami niko chini,
siku ya kazi imekwisha."

Akanisimulia Sultani wa Basra,
hasimu wake wa damu, kilemba na ndevu za gundi,
aliyetemewa mate na watu wazima,
akarushiwa betri za tochi.
Jina lake Ezio Pagnotta, mpiga lipu wa Stoney Creek.
Walisafiri gari moja, usiku, ndani ya theluji,
wakichangia petroli na sigara,
na taa za mji zilipochomoza
Ezio alijilaza chini ya viti, akafunikwa blanketi,
maana mahasimu hawapandi gari moja.
"Nilimchukia mara mbili kwa wiki," akasema.
"Ndiye aliyesimamia ndoa yangu."

Nilitaka kuuliza inakuwaje
kuchukiwa kwa kilemba cha kukodi,
mimi niliyewahi kufuatwa hadi kituo cha basi
kwa mtandio wangu mwenyewe.
Sikuuliza. Foleni ilikuwa ndefu.

Nyumba? Alikwenda nayo mke wa pili.
Biashara? Baa, Kona ya Nyundo;
ilikufa majira ya baridi ya tatu.
Mkanda wa ubingwa? "Bati lile. Liko rehani."
Wategemezi? Paka, jicho moja.

"Mapato mengine?"
Hapo akasita.
"Jumanne nawafundisha wazee kuanguka.
Wananilipa supu ya kabichi.
Supu inatozwa kodi?"

Na kabla sijajibu alishasimama kati ya viti:
"Kidevu kifuani. Mkono usitangulie, utavunjika.
Toa pumzi. Kiganja kifike chini kabla ya mgongo."
Akajiachia. Miaka sabini na sita, kilo mia na kumi.
Ukumbi ukalia kama mlango wa ghala.
Akabaki pale, macho darini, muda mrefu kidogo,
nami sikujua kama hilo nalo ni onyesho.

Serikali ilimrudishia dola mia mbili na kumi na nne.

Januari iliyofuata, Mtaa wa Ottawa,
barafu ile isiyoonekana ilinichota miguu yote miwili.
Kidevu. Pumzi. Kiganja.
Mayai kumi na moja yalipasuka kati ya dazeni.
Dereva mmoja akashusha kioo:
"Mama, uko mzima?"
Nikainua kidole, nikiwa chalichali.
Ngoja kwanza.
Bado nahesabu.