Dirisha la Tatu

Weka gumba, Bi Somoe. Hapo, penye taa ya kijani.
Akaweka. Mashine ikawaza, kisha ikaandika:
Jaribu tena.

Tukajaribu. Kwa kitambaa cha maji,
kwa ndimu Kitsao aliyoitoa kwenye chai yake,
kwa pumzi, kama mtu anayepuliza makaa.
Miaka arubaini ya kushona kofia:
sindano imekwangua mistari yote.

"Mbona mwanangu Maskati alitezamwa jito tu, akapita?"
Kule sheria yao ni jicho, nikamwambia.
Hapa ni kidole.
"Na aliyeitunga, ameshona nini?"

Kwenye skrini mlikuwa na vitufe viwili:
Endelea. Futa.
Hakuna kisemacho: namjua huyu,
nyumba yake Langoni, mlango wa pili ukitoka msikitini,
siku niliyozaliwa ndiye aliyepika uji.

Foleni ikaanza kuguna.
Bi Somoe hakunitazama uso. Alitazama juu ya paji langu,
akanyoosha kile kidole kisichosomeka
akagusa kito kimoja cha kofia yangu, upande wa kushoto,
penye tundu lililokosewa.
"Hini ni yangu. Usiku ule umeme ulikatika."

Nikaivua. Nikaibandika kwenye kioo cha mashine,
upumbavu tu, nani ajuaye.
Jaribu tena.

Basi nikafungua daftari la zamani,
lile tuliloambiwa tulichome,
nikaliandika jina lake kwa kalamu,
jina la babake, la babu yake,
nikapuliza wino ukauke.