Mwanga Umeingia

Umeme umekatika saa nne kasorobo.
Subilaga hajali swichi, anaziacha zilivyo,
anavuta pazia: ghorofa ya tatu, Upanga,
nyumba za Msajili, nondo za dirisha zimeota kutu,
na ng'ambo ya uchochoro ukuta wa njano
unatuuzia jua kwa nusu bei.

Mimi ni mshika ubao.
Ubao wenyewe boksi la friji
nililolibandika karatasi nyeupe kwa uji wa ngano.
Nalipwa elfu kumi na tano, na chai.

Bi Mwamvita anavua miwani kwanza.
Halafu saa. Halafu kanga,
anaikunja pembe kwa pembe, kikazi, kama ramani:
miaka thelathini alipima viwanja, Kibaha mpaka Kimbiji.
Ana hamsini na nne. Fomu kaisaini kwa kalamu yake mwenyewe.

Nyanya yangu alisema mwanga hutembea uchi usiku.
Nikalala nimejifunika gubigubi.
Leo naona herufi moja inavyookoa watu:
mwanga ameingia, tungekomea mlango;
mwanga umeingia,
umekaa begani mwa mtu mzima
bila hodi.

Subilaga analala kifudifudi sakafuni.
Kutoka pale mgongo umekuwa vilima vya Pugu,
kiuno bonde, kisogo sijui nini.
"Safi," anasema. "Siyo mtu tena."

Bi Mwamvita anageuza shingo.
"Mwanangu, kazini kwetu
ukisimika miguu mitatu kombo, hatua moja tu,
choo cha jirani kinakuwa chako
na watu wanashikiana mapanga.
Inua hiyo kamera. Mimi si Pugu.
Hapa pana mshono wa pacha, Muhimbili, mwaka wa mvua kubwa.
Hapa ulipita mkanda wa begi la darubini,
ndiyo maana bega hili limeshuka.
Pima vizuri."

Kimya. Chini, jenereta la mtu linakohoa.
Subilaga ananyanyuka, vumbi magotini,
anapandisha stendi mpaka usawa wa macho.
Vilima vimeondoka.
Amebaki mwanamke kwenye stuli ya jikoni,
vivuli vya nondo vimempita mbavuni
mistari ya daftari, haijaandikwa kitu.

Tunasema kupiga picha.
Asubuhi hii hakuna aliyempiga mtu.
Tulingoja,
wingu likapita,
mkono wangu ukafa ganzi nikiinamisha ubao kidogo, kidogo tena,
ili kivuli chini ya titi
kisiwe cheusi kuliko ukweli.

Kisha umeme ukarudi. Taa zote,
feni, redio ya jirani katikati ya tangazo la saruji,
nasi tukapepesa macho kama waliofumaniwa.

Bi Mwamvita alinyoosha mkono mezani.
Kanga aliipita. Akachukua miwani.
"Lete," alisema. "Nione na mimi."