Kanuni ya Nne

Chuo chetu kina wanafunzi mia sita na kumi;
kondoo hawahesabiki.
Mvua ya milima ya Wales hupiga hodi
na haingoji kukaribishwa.
Ukipiga chafya maktaba,
Bibi Prydderch wa jikoni atakuzidishia kitunguu
kabla hujafika na sinia yako.

Zamu yangu ni Jumanne, saa nne usiku hadi alfajiri,
katika chumba kilichokuwa stoo ya makaa.
Meza moja, birika moja, simu moja ya waya,
na kanuni tano ukutani kwa mwandiko wa Gethin,
aliyehitimu, akaondoka, akasahau koti:
Usiulize jina.
Usitaje lako.
Usikate wewe kwanza.
Usitoe ushauri.
Ya tano imeliwa na unyevu;
kila mwenye zamu huisoma apendavyo.

Mahali ilipo simu ni siri.
Siri ya watu mia sita na kumi.

Usiku ule wa Februari ililia saa nane na dakika saba.
"Nakusikiliza," nikasema, kama tulivyofundishwa.
Pumzi.
Na nyuma ya pumzi, mashine ya kufulia,
na ndani ya mashine, sarafu inayogonga:
ti, ti-ti, ti.

Naijua sarafu hiyo.
Imekwama tangu Oktoba, mashine ya pili, bweni letu.
Tuko kumi na wanane mle,
kumi na mmoja wamekwenda mechi ya raga, hawajarudi,
nikaanza, bila kutaka, kuhesabu waliobaki.
Nikajizuia. Sikio likaendelea.

Dakika ishirini na mbili, mimi na yeye na sarafu.
Kisha sauti, kavu kama mkate wa juzi:
"Wino hutokaje kwenye shati jeupe?"

Nikatazama ukuta.
"Nasikia una shati," nikasema, kipumbavu.
"La mazishi. Basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu.
Kalamu ni zake, alikuwa akizinunua kwa dazeni, za bei ya chini,
zote zinavuja.
Nilikuwa naandika cha kusema kaburini."

Kuna kimya cha mtu anayefikiri
na kimya cha mtu anayezama.
Mama yangu hufua mashuka ya hoteli ufukweni;
nimekulia kwenye mvuke.
"Maziwa," nikasema. "Liloweke. Yasiwe ya moto.
Usisugue. Wino ukisuguliwa hukasirika."
Akacheka, au kitu kilichokaribia hapo.
"Sina maziwa."

Nikayatazama yangu, nusu chupa, kando ya birika.
Hatua mia mbili na arobaini hadi bwenini.
Ningekimbia, ningerudi.
Lakini ningekuwa na uso.

"Jikoni kwa Bibi Prydderch," nikasema,
"mlango wa nyuma haufungwi."
Hakukata. Sikukata.
Mashine ikasimama, sarafu ikagonga mara ya mwisho,
kisha nyayo, kisha mlango.

Asubuhi kituoni nilimwona Iestyn, wa mwaka wa kwanza,
yule anayekula akitazama dirisha.
Upepo ukamfunua koti:
juu ya mfuko wa shati, doa la samawati,
limefifia, ukubwa wa ukucha.
Nikasema, "Mvua tena."
Akasema, "Mvua tena."

Mchana Bibi Prydderch alilalamika, upawa mkononi,
kwamba panya wa mwaka huu wanakunywa maziwa
halafu wanaosha bakuli.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Akanitazama. Akamimina supu.

Jumanne ya pili ya Machi, mlangoni pa stoo,
chupa ya maziwa: haina karatasi, haina jina,
kizibo kimeshika barafu.
Nikaiingiza. Nikabandika birika.
Nikaisogelea kanuni ya tano kwa tochi;
bado haisomeki.

Simu haikulia usiku ule.
Nilikunywa vikombe vinne.