Safu Ambayo Sikuiweka

Waliniita Sikonge kwa wiki mbili.
Ghala la asali, dirisha la wavu,
kompyuta moja, na nyuki watatu
waliokuja kudai chao.
Pesa zilikuwa zinatoka nyingi kuliko stakabadhi za mizani.
Mwenyekiti alisema, bila kukaa:
"Mwizi yumo humu humu. Nataka jina."

Sikumuuliza mtu. Niliandika triga,
mistari kumi na minne, si zaidi,
kama mtu anavyofunga uzi mwembamba mlangoni
kisha akaenda kulala.
Yeyote atakayegusa uzito uliokwisha kuandikwa,
tarakimu ya zamani ikimbilie jedwali la pembeni
kabla haijafutwa,
ifuatane na mpya, na saa, na jina la aliyeingia.
Triga haina usingizi. Haina shemeji.
Umeme ukikatika inazimika pamoja nasi,
ukirudi inaamka pale pale ilipoachia.

Siku tatu, kimya.
Nilikula wali wa karanga kwa mama Kabula,
nikasikia lori la Ipole likishusha ndoo,
nikaanza kudhani mwizi ni hesabu yangu.

Jumatano usiku uzi ulikatika.

Nyanzala Igulu: 27 ikawa 30.
Saa tano na dakika kumi na mbili.
Kashindye Mayunga: 36 ikawa 40.
Saa tano na kumi na tatu.
Ngassa wa Kitunda, yule anayetia sahihi kwa dole gumba:
18 ikawa 20.
Aliyeingia: mihambo.

Mihambo mhasibu,
anayefunga kalamu ya ofisi kwa kamba ya katani isiibwe!
Nilimgeuzia kioo, mlango nimeurudisha.
Hakukana. Alisoma majina yale taratibu,
kama anayesoma orodha ya waliofaulu.
"Umeweka saa," akasema. "Umeweka jina langu.
Kwa nini hukuweka kwa nini?"
Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.
"Mtego wako unamnasa anayebadilisha.
Aliyedanganya tangu mwanzo ameuruka,
viatu mkononi."

Sikuwa na jibu. Ndivyo nilivyoiandika:
inasubiri mstari uguswe.
Mstari uliozaliwa umepunjwa,
kwake umetimia.

Mchana, walipokwenda kula,
niliweka ndoo tupu juu ya mizani,
ile ambayo mwenyekiti aliinunua mwenyewe
na haipendi ihamishwe.
Nikaurudisha mshale sifuri.
Nikamimina maji, chupa ya lita moja, tena, tena,
nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea,
mpaka ishirini.
Mshale ulipanda, ukafika kumi na nane,
ukatetemeka kidogo
kama mtu aliyeitwa kwa jina la nyumbani,
ukakaa.

Kumi na nane. Ngassa wa Kitunda.

Ripoti inatakiwa Ijumaa.
Jina analolitaka ninalo,
limeandikwa na dakika zake, halijakosewa hata herufi.
Naweza kulifuta, na hakuna atakayejua:
jedwali la pembeni sikulifungia uzi.
Nililinda daftari nikasahau kumlinda shahidi,
au labda nilijiachia mlango mimi,
sijui, na hilo nalo halikuandikwa popote.

Sikufuta.
Nimeongeza safu moja mwishoni, nimeiita *sababu*.
Mistari yote ya Mihambo nimeijaza neno moja: mizani.
Yangu ya leo pia imo, maana nami nimegusa.

Ndoo ya maji ipo pale pale.
Nimemwambia mlinzi asiimwage,
hata nyuki wakianza kuinywa,
mpaka mwenyekiti arudi
asome mwenyewe.